Sipiyu Nzima, Waya Mgonjwa: Kisa cha Kompyuta Iliyojizima Kila Monita Ilipoamka

Mashine hii ililetwa kwangu mara tatu, na mara zote tatu ilipofika mezani pangu ilikuwa nzima. Inawaka, inashinda, inakesha. Ikirudi kwa mwenyewe haimalizi siku mbili. Mafundi wenzangu mnaijua aibu hiyo: mteja anaanza kukutazama kama mganga aliyeishiwa dawa.

Mwenyewe ni mama wa makamo mwenye fremu ya steshenari mjini Morogoro. Kopi zinatolewa, barua zinachapwa, vyeti vinapigwa laminesheni, lakini kinacholipa kodi ya fremu ni kadi za harusi na kadi za michango. Anayeshinda kwenye kompyuta ni binti anayesanifu kadi kwa CorelDRAW. Nitamwita dada wa kompyuta, maana kisa hiki alikifumbua yeye, si mimi.

Kompyuta yao ni sipiyu ya mtumba ya ofisini. Nasema sipiyu kama tunavyosema mtaani, yaani boksi lote. Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 6, ramu GB 16, SSD ya GB 512, Windows 10, na kadi ndogo ya grafiki iliyoongezwa baadaye. Kadi hiyo haina plagi yake ya umeme. Chote inachokula inakipata kwenye sloti ya mazabodi, lile bao kuu la ndani ya boksi, na sloti hiyo kikomo chake ni wati 75. Monita ni mbili: moja ya inchi 22 kwa waya wa HDMI, nyingine ya inchi 24 kwa waya wa DisplayPort.

Mama alinieleza hivi: "Fundi, hii mashine ina majini. Mara skrini inakuwa nyeusi na muziki unaendelea kuimba. Mara inajizima pu, halafu inajiwasha yenyewe. Na asubuhi nyingine haitaki kabisa. Feni inatikisika kidogo, kimya."

Ni vituko vitatu, na kila kimoja peke yake kinaweza kukupeleka njia tofauti. Skrini nyeusi huku sauti ipo inaelekeza kwenye kadi ya grafiki au draiva yake, yaani programu inayoiendesha. Kujizima ghafla kunaelekeza kwenye pawa saplai (kile kinacholilisha boksi umeme), joto au ramu. Feni kutikisika na kunyamaza ni pawa saplai inayoona hitilafu na kujikinga, au mazabodi inayokataa kuanza. Nikamuuliza swali ambalo kila fundi huuliza: kuna kitu kipya kilichoongezwa? "Hakuna, fundi. Ni ileile."

Hakunidanganya. Kwake yeye kompyuta ni lile boksi, na ndani ya boksi hakuna aliyegusa kitu. Kosa lilikuwa la swali langu.

Safari ya kwanza nilifanya yale tunayoyafanya wote. Bloa, brashi, pesti mpya kwenye prosesa. MemTest86, programu ya kupima ramu, ikazunguka usiku kucha bila kosa hata moja. SSD nikaipima, afya yake njema. Nikaichosha kadi ya grafiki kwa FurMark saa nzima, joto likapanda na kutulia, hakuna kilichotokea. Niliirudisha Jumatano. Ijumaa mchana simu ikaita.

Safari ya pili nilibadilisha pawa saplai. Nakiri kwamba sikuwa na ushahidi wowote dhidi ya ile ya zamani. Ilikuwa ya mtumba, ilikuwa na vumbi la miaka, na unapokosa mshukiwa unakamata mwenye sura mbaya. Shilingi 45,000 za mama zikaondoka hivyo. Mashine ikakaa kwangu siku tatu ikiwaka mfululizo, na ilipofika dukani haikufikisha siku ya pili. Mama naye, kwa kuamini kwamba ni umeme wa mtaa, alikuwa ameshanunua stabilaiza. Haikusaidia kitu.

Safari ya tatu niligeukia programu. Nikafungua Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika matukio yake, na hapo kulikuwa na maandishi ya kutosha. Mengi yalikuwa Kernel-Power namba 41. Hilo wengi huliona na kukimbilia kununua pawa saplai kwa sababu ya hilo neno la umeme mwanzoni. Maana yake ni ndogo kuliko jina lake: Windows inapowaka inagundua kwamba mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu. Ni sawa na jirani anayekuambia fulani amefariki. Hakuambii amefariki kwa ugonjwa gani. Katikati ya hizo 41 kulikuwa na namba 4101 kadhaa, ambayo inasema draiva ya grafiki iliacha kujibu kisha ikarudi, na skrini moja ya bluu yenye msimbo 0x116.

Hizi mbili za mwisho ni ndugu. Tangu Windows Vista, mfumo una saa inayoihesabia kadi ya grafiki: isipojibu ndani ya sekunde 2, Windows inaizima draiva na kuianzisha upya. Ikifaulu unapata skrini nyeusi ya muda mfupi na namba 4101. Ikishindwa unapata 0x116. Ukitafuta dawa mtandaoni utaambiwa uingie kwenye rejista ya Windows uongeze hizo sekunde ziwe 8 au 10. Mimi sipendi dawa hiyo. Ni kumziba mlinzi mdomo ili usisikie kelele za mwizi.

Nilifuta draiva yote kwa DDU, programu ya kusafishia draiva, nikiwa kwenye hali salama, nikaweka mpya, nikaichosha tena mashine siku mbili. Nzima. Sasa angalia kilichokuwa kinatokea, ambacho mimi sikukiona mpaka safari ya tatu imeisha: mama alikuwa ananiletea boksi peke yake. Monita zilibaki dukani. Nyaya zilibaki dukani. Mezani pangu boksi lilikuwa linaunganishwa na monita yangu, kwa waya wangu wa HDMI, kwenye soketi yangu. Nilikuwa nimemlaza mgonjwa mbali na nyumba inayomuuguza, kisha nashangaa anavyopona.

Mara ya nne nilikataa kuletewa. Nikachukua mkoba wangu nikaenda dukani.

Nilipofika niliamkia, nikapewa stuli, nikaanza kwa kuchomoa nyaya zote za monita ili niligeuze boksi. Niliposhika bati la nyuma, likanipiga shoti. Si ile ya kukurusha. Ni ule mchomo wa kuwashawasha unaokufanya uutoe mkono haraka. Nikachomeka nyaya za monita, nikashika tena: hakuna. Nikachomoa: mchomo umerudi.

Niseme kweli, hapo nilifurahi. Nilidhani nimemkamata. Na aliyekuwa mbele yangu kweli alikuwa mhalifu, ila hakuwa yule niliyekuwa namtafuta.

Maelezo yake ni haya. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta kuna kichujio chenye kapasita ndogo, moja kutoka waya wa moto kwenda kwenye bati, nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye bati. Bati likiwa limeunganishwa na erthi, ule umeme mdogo unaopenya kwenye kapasita unateremka ardhini na hakuna anayeujua. Erthi isipokuwepo, bati linabaki likielea katikati, karibu nusu ya volti 230 za ukutani, yaani kama 115. Mkondo wake ni mdogo mno, haukuui, lakini mkono unauhisi. Nilipima kati ya bati na pini ya erthi ya soketi ya ukutani, maltimita ikasoma volti 98. Mita yenyewe huuvuta umeme huo chini kidogo, kwa hiyo 98 ilikuwa ndiyo hiyohiyo 115.

Nikafungua ekstensheni iliyokuwa chini ya meza. Matundu yake yana nafasi tatu kama kawaida yetu, ila waya wake una nyuzi mbili tu. Tundu la erthi lilikuwa pambo. Nyuma yake hakuna kitu. Hizi ekstensheni zimejaa kila mahali, na ukiinunua kwa macho huwezi kujua. Ushike waya: ukiwa mwembamba na bapa, uitilie shaka.

Lakini kwa nini mchomo ulikuwa unatoweka nyaya zikichomekwa? Kwa sababu ile monita ya inchi 24 ilikuwa na plagi ya pini tatu, imechomekwa moja kwa moja ukutani, na ukuta ulikuwa na erthi nzuri. Bati la boksi lilikuwa linapata ardhi kwa kupitia ngozi ya waya wa picha. Waya wa DisplayPort ulikuwa unafanya kazi ya erthi. Hili peke yake ni jambo la kuondoa haraka, maana ukichomeka waya wa picha wakati bati moja linaelea na lingine liko ardhini, cheche inapita kwenye tundu la kadi au la monita, na matundu mengi yameungua hivyo. Tangu siku hiyo nawaambia wateja: nyaya za picha zichomekwe wakati vyote viwili vimezimwa ukutani.

Nilinunua ekstensheni ya nyuzi tatu duka la pili, nikapima, bati likasoma sifuri. Mama nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "Sasa imepona." Naikumbuka sauti hiyo kwa sababu siku ya tatu asubuhi alinipigia na hakusalimia.

Nilirudi bila mkoba, nikakaa tu. Nilitaka kuona asubuhi ya duka inavyoanza. Dada wa kompyuta akaja saa mbili, akafungua mlango, akawasha taa, akafuta meza, akazunguka nyuma ya boksi, akachomoa waya mmoja, akawasha boksi, akangoja lilie, ndipo akauchomeka ule waya tena.

Nikamuuliza, "Dada, hapo umefanya nini?"

"Huo waya mnene nauchomoa kwanza. Nisipouchomoa haiwaki."

"Tangu lini?"

"Tangu ile monita kubwa ije. Nikianza na monita, sipiyu inagoma. Nikianza na sipiyu, inawaka. Nikisahau nauchomoa, nauchomeka."

Nikamuuliza mbona hakusema muda wote huo. Akanitazama kama mtoto aliyeulizwa swali la kijinga. "Hamkuniuliza mimi."

Ni kweli. Wiki tano nzima nilikuwa nazungumza na mama, ambaye hawashi kompyuta. Nikaendelea kumhoji yule dada, na kila jibu lilikuwa na thamani kuliko usiku wote wa MemTest86. Inajizima saa ngapi? Haina saa, ila mara nyingi ni akitoka kwenye mashine ya kukatia kadi: anaikuta skrini imelala, anatikisa mausi, monita kubwa inaamka, na hapo ndipo inapokufa. Mara nyingine anaizima monita kubwa kwa kitufe chake ili kubana uniti za Luku. Akiiwasha, skrini zote nyeusi. Je, imewahi kujizima akiwa katikati ya kazi, mkono uko kwenye mausi, monita zote ziko macho? Akafikiri. "Hapana. Hiyo bado."

Monita yenyewe ilikuwa imekuja kwa basi kutoka Dar, mtumba, bila waya. Waya ulinunuliwa kando, hauna jina la mtengenezaji wala maandishi yoyote. Ndiyo maana mama aliposema hakuna kipya alikuwa anasema kweli kwa kadiri yake. Nani anahesabu waya?

Nikafungua ubavu wa boksi. Nikazima kila kitu kwa utaratibu, nikachomoa waya wa umeme wa boksi ukutani kabisa, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili kapasita zimwage kilichobaki. Kwa kawaida kile kitaa kidogo cha mazabodi kinafifia na kuzimika ndani ya muda mfupi. Nikangoja. Dakika ya kwanza. Dakika ya pili. Kitaa kilikuwa kimefifia, lakini kinawaka.

Boksi halina umeme. Plagi yake iko mkononi mwangu. Na ndani yake kuna taa.

Nikamwita mama aje aone, akasema si nilikuambia majini. Nikanyoosha mkono nyuma, nikachomoa waya wa DisplayPort. Kitaa kikazimika papo hapo. Nikachomeka, kikawaka. Yule dada akacheka kwa sauti.

Sasa tuuingie waya wenyewe. Plagi ya DisplayPort ina pini 20. Nyingi zinabeba picha, chache zinabeba mazungumzo kati ya kadi na monita, na ya 20 ni ya umeme: volti 3.3, mkondo wa miliampea 500, yaani wati moja na nusu hivi. Haikuwekwa kwa ajili ya monita. Monita ina umeme wake wa ukutani. Iliwekwa kwa ajili ya vigeuzi, vile vifundo vinavyobadilisha DisplayPort kuwa VGA au HDMI, ambavyo vina chipu ndani na vinahitaji kulishwa. Kwa kuwa kigeuzi kinaweza kuchomekwa upande wowote, kiwango kinataka kadi itoe volti hizo, na monita nayo itoe upande wake.

Umeona tatizo linapozaliwa. Pande mbili, kila mmoja anatoa volti 3.3 kwenye pini yenye namba ileile. Wakikutanishwa, wanasukumana. Ndiyo maana VESA, wanaosimamia kiwango cha DisplayPort tangu toleo la kwanza la 2006, wanataka waya wa kawaida wa kuunganisha kompyuta na monita usiiunganishe pini ya 20 ya upande huu na ya upande ule. Pini ipo kwenye plagi, lakini ndani ya waya haiendi popote. Mtengenezaji wa bei ya chini asiyesoma kiwango, au aliyezoea nyaya nyingine ambazo kila pini inakwenda kwa mwenzake, anaziunganisha zote 20 na kudhani amekufanyia hisani.

Kwa waya wa namna hiyo, monita ikiwa imewashwa na boksi limezimwa, volti 3.3 za monita zinarudi kinyumenyume kwenye kadi ya grafiki, na kutoka kwenye kadi zinaingia mazabodi. Boksi linabaki si la kufa wala la kulala. Ukibonyeza kitufe, mazabodi inakuta tayari kuna umeme mahali ambapo hapapaswi kuwa na umeme, na inakataa kuanza. Hiyo ndiyo feni iliyotikisika na kunyamaza. Na kama boksi linafanya kazi wakati monita imelala, monita ikiamka inasukuma umeme wake kwenye laini ya 3.3 ambayo kadi inaitumia saa hiyohiyo. Kadi yenye plagi yake ya umeme huenda ingestahimili zaidi. Hii yetu, inayokula yote kutoka sloti, ilianguka. Ikianguka kidogo unapata 4101. Ikianguka vibaya boksi zima linajizima na kuiachia Windows iandike 41.

HDMI haina ugonjwa wa aina hii kwa muundo wake. Ina pini 19, na ya 18 inabeba volti 5, lakini mtoaji ni mmoja tu, kompyuta, monita inapokea. Ndiyo maana kwangu mashine ilikuwa inakesha salama.

Kupima ni rahisi kuliko maelezo. Chomeka waya kwenye monita, iwashe, uache ncha ya pili ikiwa huru mezani. Ncha nyeusi ya maltimita iguse bati la plagi, nyekundu ishike sindano ya kushonea, na sindano iguse pini ya mwisho ya safu ya namba shufwa, maana witiri ziko upande mmoja na shufwa upande mwingine, kumi kumi. Mkono uwe mtulivu. Sindano ikigusa pini mbili kwa pamoja unatafuta hasara. Waya mzuri unasoma sifuri. Huu wetu ulisoma 3.3. Ukitaka kuhakikisha bila umeme, uchomoe pande zote mbili uweke mita kwenye mlio, uguse ya 20 hapa na ya 20 kule. Ikilia, waya ni mbovu. Usishtuke pini ya 1 ikikataa kulia na ya 1 mwenzake. Kwenye DisplayPort nyaya za picha zinapishana: ya 1 ya upande wa kompyuta inatokea ya 12 upande wa monita. Mimi nilishtuka, nikapoteza nusu saa.

Dukani hapo hapakuwa na waya mzuri wa DisplayPort, nikawaazima wa kwangu. Siku saba. Dada akapewa kazi ya kuiudhi mashine kwa makusudi: aanze na monita asubuhi, aizime na kuiwasha, aiache ilale, aiamshe. Haikujizima hata mara moja. Event Viewer haikuandika 41 wala 4101 mpya.

Siku ya nane nikataka kuurudisha waya mbovu. Mama akapandisha sauti. "Ameshapona, wewe unataka augue tena?" Nikamweleza kwamba nilishamwambia imepona mara nne, na mara zote nilikuwa nasema kwa kudhani. Waya ukirudi na ugonjwa ukarudi, hapo ndipo nitakuwa nimejua. Akakubali kwa sharti kwamba kazi zote zihifadhiwe kwenye flashi kwanza. Tukauchomeka saa nne asubuhi. Monita ikalala, dada akatikisa mausi, ikaamka salama. Mara ya pili salama. Mama akaanza kunitazama. Mara ya tatu, saa tano kasorobo, skrini zote mbili zikawa nyeusi, na redio iliyokuwa ikisikika kutoka kwenye kompyuta ikakatika katikati ya tangazo. Nadhani mimi ndiye fundi pekee mjini aliyefurahi mashine ya mteja ilipokufa mkononi mwake.

Kuna jambo moja lililobaki ambalo dada alilihesabu kama ugonjwa, na si ugonjwa. Hata kwa waya mzuri, monita ya DisplayPort ikilala au ikizimwa kwa kitufe, madirisha yaliyokuwa juu yake yanahamia monita nyingine. Hiyo ni tabia: monita inapolala sana inaacha kujitambulisha, Windows inadhani imeondoka, inakusanya vilivyokuwa vyake. Nilirefusha muda wa kulala skrini kutoka dakika 10 hadi 30, akaridhika. Anayechanganya tabia hii na hitilafu anaweza kuitafuta mwaka mzima.

Waya mpya nilikwenda kuununua na maltimita mkononi. Muuza duka mmoja alinikatalia kupima, nikaondoka. Wa pili alikubali kwa udadisi, akanitolea nyaya nne na monita ya kujaribia. Mmoja kati ya hizo nne ulisoma 3.3, na yeye mwenyewe akautoa kwenye misumari ya bidhaa. Nikachukua mmoja wa zile tatu kwa shilingi 15,000. Wapo wanaoukoa waya mbovu kwa kubandika kipande cha utepe mwembamba juu ya pini ya 20. Kinafanya kazi, nimewahi kukifanya kwangu. Kwa mteja anayechomoa na kuchomeka kila asubuhi nisingekifanya. Utepe unatoka siku ya tano na mimi ndiye ninayepigiwa simu. Kama monita ina HDMI, waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI nao unatosha, na hapo pini ya 20 inalisha ile chipu ya kigeuzi kama ilivyokusudiwa.

Pawa saplai yangu nikaitoa, ya zamani nikairudisha, na 45,000 za mama nikazihesabu mezani. Alikataa 10,000 akasema ni nauli. Ile ekstensheni ya nyuzi tatu ilibaki, na hiyo sikuirudishia hela, ilikuwa inahitajika kwa haki yake.

Sasa karakana ina karatasi mlangoni iliyoandikwa kwa mkono: lete na waya wa monita. Watu wanasoma, wanacheka, wengine wanarudi nyumbani kuuchukua.

Waya mbovu niliukata ncha zote mbili kwa koleo palepale kaunta. Mama akauliza mbona naharibu mali, mpwa wake angeutumia. Nikamwambia ndiyo sababu naukata. Katikati yake palibaki kama mita moja na nusu ya waya mweusi, mgumu, usio na kichwa wala mkia, na dada wa kompyuta akaukunja, akafungia maboksi ya kadi yaliyokuwa yanasubiri basi la Ifakara.